Weka Picha Mezani: Majibu kwa Wanaouliza Kuhusu Klabu za Picha

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja: klabu za kupiga picha na vikao vyake vya kila mwezi. Wapo wanaotaka kujiunga, yupo aliyejiunga akaondoka na machungu, na yupo mwenyekiti ambaye klabu inamfia mikononi. Mimi ni mratibu wa vipindi katika klabu kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo najibu kama mtu anayepanga viti, anayewasha projekta na anayebaki nyuma kufunga mlango. Barua nimezifupisha, hoja nimeziacha kama zilivyo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napenda sana kupiga picha ila sina kamera, nina simu tu. Kuna klabu karibu nami inakutana kila mwezi, lakini nikipita mlangoni naona watu wamening'iniza makamera makubwa shingoni. Nikiingia na simu yangu si nitaonekana nimepotea njia? — Mwenye Simu

JIBU: Marahaba mwanangu. Ingia. Kikaoni tunaonyeshana picha, na picha ikishawekwa mezani anayeuliza imepigwa na nini ni yule anayetaka kujifunza tu. Ile hofu kwamba picha ya simu haifai kusafishwa ikawa kubwa, iondoe. Karatasi ya A4 ikichapwa kwa ubora mzuri, nukta 300 kwa kila inchi, inataka pikseli (nukta za picha) 3508 kwa 2480, ambazo hazifiki hata megapikseli 9, yaani pikseli milioni 9. Simu ya megapikseli 12 inavuka hapo, mradi hukuvuta picha kwa vidole wakati wa kupiga. Kuvuta huko, pale simu isipokuwa na lenzi ya pili ya mbali, ni kukata picha na kuipanua tu. Afadhali utembee.

Ila kijue chombo chako. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, inaona karibu sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera ya fremu kamili, ile yenye kihisi cha ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35. Ukimsogelea mtu mpaka simu iko shibiri mbili kutoka usoni, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Lawama hapo ni ya umbali. Rudi hatua mbili na uso utakaa sawa. Na ndani ya nyumba, jioni, simu huacha mwanga uingie kwa muda mrefu au huunganisha picha kadhaa kuwa moja, ndiyo maana mtoto anayecheza anatoka na mkono wenye ukungu. Msogeze dirishani, subiri atulie, ndipo ubonyeze.

Kikao chako cha kwanza, nenda na picha tatu tu ulizochagua mwenyewe. Mgeni anayefungua simu na kuanza kupekua picha mia mbili mbele za watu anawachosha, na yeye mwenyewe hapati jibu la maana.

SWALI: Nilipeleka klabuni picha ya mama yangu akimsuka mdogo wangu nywele, wameketi karibu na dirisha. Naipenda mno. Ilipotokea ukutani, mzee mmoja akasema, "Dirisha limeungua, hii haifai," ikawekwa picha ya mwingine. Wote walinyamaza. Sijarudi tangu siku hiyo. Je, mimi ni mwepesi wa kuumia, au ndivyo klabu zilivyo? — Niliyenyamazishwa

JIBU: Pole sana dada. Si wepesi wa kuumia. Umefanyiwa jambo ambalo huua klabu nyingi, na naomba wenyekiti wanaosoma hapa walisome jibu hili mpaka mwisho.

Katika ile kauli kulikuwa na vitu viwili vimefungwa pamoja. "Dirisha limeungua", yaani limetoka jeupe tupu, ni kitu kinachoonekana, kinaweza kujadiliwa. "Haifai" ni hukumu, na imetolewa kabla mtu yeyote hajaitazama picha. Tuanze na la kwanza, maana lina elimu ndani yake. Jua kali la nje hupigwa vizuri kwa f/16 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata 1/125 (muda wa mwanga kuingia, kwa sehemu ya sekunde) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Chumba chenye mwanga wa kawaida, kwa mfano tu, huenda kikataka f/2.8, shata 1/60 na ISO 400. Hesabu hatua: tano kwenye tundu la lenzi, moja kwenye shata, mbili kwenye ISO. Jumla nane, na kila hatua ni mwanga maradufu, kwa hiyo nje kuna mwanga mara 256 ya ule wa ndani. Ukitaka vyote viwili vionekane sawasawa katika picha moja, lazima kimoja ukilainishe kwa uhariri mpaka kipoteze nguvu, au uchague. Wewe ulichagua nyuso na vidole. Dirisha kuwa jeupe ndiyo gharama ya uamuzi huo, na uamuzi wenyewe naona ulikuwa sahihi.

Mzee yule angekuwa amekusaidia kama angeongeza sentensi mbili. Angekuambia uhamie upande, dirisha litoke kwenye fremu na mwanga wake tu ubaki ukiwaangukia. Au ushushe pazia jepesi. Au usubiri jua lizame, kuna dakika chache ambapo mwanga wa nje unashuka hadi kukaribiana na taa ya ndani, na hapo dirisha linakuwa na rangi ya bluu nzuri badala ya kuungua. Haya ndiyo mtu anayakuta kwa wenzake na asiyapate peke yake chumbani, na ndiyo sababu watu huacha shughuli zao kuja kukaa kwenye viti vigumu.

Sasa nikueleze sisi tunavyofanya, uone kama klabu yako inaweza kubadilika. Picha ikiwekwa, chumba kizima kinakaa kimya kwa muda wa kutosha jicho kuzunguka. Mwenye picha haruhusiwi kusema neno: hatuambii alipanda mlima gani, alisubiri saa ngapi, wala yule mtu ni nani yake. Msemaji wa kwanza anataja anachokiona, kama anamweleza mtu aliye kwenye simu. Wa pili anasema jicho lake limeingilia wapi na limekwama wapi. Kisha ndipo yanakuja mapendekezo, na mwenye picha anasema mwisho.

Nakumbuka picha moja ya mikono ya mwanamke akitunga uzi kwenye sindano. Mikono imejaa fremu, mwanga unatoka kushoto, ncha ya uzi iko kwenye fokasi na tundu la sindano limeanza kufifia, maana ukisogelea kitu kiasi hicho na lenzi iko wazi, kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayoonekana kali, ni milimita chache tu. Watu walisifu mikono. Lakini mwanachama mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, aliinuka, akaenda ukutani na kuweka kiganja chake juu ya kona ya juu kulia. Pale palikuwa na ukingo wa beseni jeupe. Kiganja kilipolifunika, chumba chote kiliona uzi. Alipokiondoa, macho yote yakarudi kwenye beseni. Akarudia mara mbili, akaketi. Hakuna maelezo niliyowahi kusikia kuhusu kingo za fremu yaliyonifaa kuliko yale, na hayakuwa na maneno. Mwenye picha alikuja mwezi uliofuata na matoleo mawili: moja beseni limetiwa giza, jingine amepiga upya akiwa nusu hatua upande. La pili lilikuwa bora, na alilijua kabla hatujasema.

Angeanza kwa kutuambia yule ni bibi yake anayempenda sana, hakuna ambaye angethubutu kuligusa beseni.

Kwa hiyo, dada yangu, rudi mara moja tena. Kabla picha yako haijawekwa, mwambie anayeongoza kikao unataka kujua nini: "Naomba mniambie kama mikono ya mama inaonekana ya kutosha." Swali la wazi humfunga mdomo mtoa hukumu. Wakiendelea na "haifai" zao, hama. Watu watatu wanaokutana kila mwezi na kutazamana picha kwa uaminifu ni klabu iliyokamilika.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti. Daftari letu lina wanachama wengi, viti ni vitupu. Kila mwezi tunafanya mashindano, na kila mwezi washindi ni walewale watatu. Tumejaribu zawadi, tumejaribu kuongeza madaraja. Tufanyeje? — Mwenyekiti Aliyechoka

JIBU: Mheshimiwa, punguzeni mashindano. Yabaki mara nne kwa mwaka, yasizidi. Anayejua atashindwa hana sababu ya kutoka nyumbani usiku, na anayejua atashinda anapeleka picha ileile ya aina ileile. Klabu ya picha iliyo kati ya zile za kwanza kabisa duniani, Edinburgh Calotype Club ya Uskoti miaka ya 1840, ilikuwa kundi la marafiki, wengi wao wanasheria, waliokutana kuonyeshana picha za karatasi na kubadilishana. Albamu mbili za kazi zao zipo hadi leo. Wakati huo ufundi wa kupiga picha wenyewe ulikuwa haujatimiza miaka kumi tangu utangazwe mwaka 1839, kila mmoja alikuwa anabahatisha kemikali zake, na wenzake ndio waliokuwa kitabu chake cha mafunzo.

Jaza ile miezi minane iliyobaki kwa kazi za mikono. Nitakutajia zile zinazojaza viti kwetu.

Usiku wa taa moja unatangulia. Taa ya kawaida iliyovuliwa kifuniko chake, kiti kimoja, ukuta, na kipande cha kadibodi nyeupe. Mtu mmoja anaketi, wengine wanamzunguka kwa zamu. Weka taa mita 1 kutoka usoni, kisha isogeze hadi mita 2, na uwaulize mwanga umepungua kiasi gani. Wengi watasema nusu. Umebaki robo, kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Halafu waonyeshe faida yake: taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta ukiwa mita 3 kutoka kwenye taa, ukuta unapata sehemu moja ya tisa ya mwanga wa uso, na chumba cha kawaida kinageuka studio yenye giza nyuma. Kadibodi ikishikwa upande wa kivuli, shavu linafunguka. Nimewaona watu wazima wakishangilia kadibodi. Mtu mwenye simu na mwenye kamera ya gharama wanatoka na picha zinazofanana, na wanaanza kuongea.

Jingine ni matembezi ya fremu 36, hesabu ya roli moja ya filamu ya milimita 35. Mnakwenda eneo dogo, barabara moja au bustani moja, kila mtu anapiga fremu 36 basi, bila kufuta na bila kutazama skrini. Kikao kinachofuata kila mmoja anaonyesha zote 36 kwa mfuatano, pamoja na zilizotetemeka. Hapo ndipo unamwona mwenzako akifikiri: fremu ya nne amekiona kitu, ya tano hadi ya tisa anakizunguka, ya kumi amekata tamaa na kuondoka, na ya saba, ambayo yeye aliidharau, ndiyo picha. Mabingwa wako watatu wakionyesha fremu zao mbovu mbele ya watu, klabu itabadilika usiku huohuo. Waombe wawe wa kwanza.

Kupiga mwezi ukichomoza nako huwatoa watu majumbani. Chagueni siku moja kabla ya mwezi mpevu, kwa sababu siku hiyo mwezi huchomoza jua likiwa bado halijazama, na nchi ina mwanga wa kutosha kulingana nao. Wageni wengi hupiga mwezi usiku wa manane wakapata duara jeupe lililoungua, kwa kuwa kamera imepima giza lote linalouzunguka. Wakumbushe kwamba uso wa mwezi umepigwa na jua: waanzie f/11, shata 1/100, ISO 100, waone madoa yake yakitokea. Mwezi mpevu una mwanga bapa, usio na vivuli, lakini kwa picha ya mandhari unafaa.

Mada za kila mwezi zisiwe "uzuri wa asili" wala "maisha". Hizo zinamfanya mtu apekue picha za zamani. Mpe "mgongo", "kizingiti", "saa sita mchana", "kitu kilichofungwa kwa kamba". Atalazimika kutoka kwenda kutafuta.

Na mashindano yale manne mliyobakiza, mwamuzi atoke nje ya klabu, asione majina, na aeleze sababu zake kabla ya kutaja alama. Akitaja alama kwanza, hakuna anayesikiliza sababu.

SWALI: Katika matembezi ya klabu yetu tulikuwa kama watu kumi na tano. Tulimkuta mzee ameketi mbele ya mlango wake, tukamzunguka wote na kuanza kupiga. Aliinuka akaingia ndani akafunga. Wenzangu walicheka wakasema barabara ni ya wote. Mimi nimekosa raha. Nani yuko sahihi? — Mwenye Dhamiri

JIBU: Wewe. Sheria za kupiga picha mahali pa wazi zinatofautiana nchi na nchi, na hata pale zinaporuhusu, haziondoi ukweli kwamba mzee wa watu alifukuzwa kwenye mlango wake mwenyewe. Lenzi kumi na tano zikimwelekea mtu mmoja, hana tena nafasi ya kukubali au kukataa; amezingirwa. Hili linanigusa kwa sababu klabu hujiita ya kujifunza, halafu inamfanya binadamu kuwa zoezi.

Katika matembezi yetu hatutembei wote pamoja. Tunagawanyika wawili wawili na kupeana saa ya kukutana. Ukitaka kumpiga mtu anayetambulika, unakwenda wewe mmoja, kamera ikiwa chini, unaamkia kwanza. Mwambie wewe ni nani, picha inakwenda wapi. Akisema hapana, unamshukuru na kubaki pale dakika mbili mkizungumza, asione kwamba alikuwa na thamani kwa ajili ya picha tu. Akikubali, mwonyeshe ulichopiga, na ukiahidi kumletea nakala, ilete. Mtoto hapigwi bila mzazi au mlezi wake kujua. Mgonjwa, mlevi na mtu anayelia wanaachwa.

Utasikia kwamba ukiomba ruhusa picha inakufa, mtu anakaa kama wa kitambulisho. Anakaa hivyo dakika ya kwanza. Endelea kuzungumza naye. Akirudia kazi yake, mikono itakumbuka yenyewe inachofanya, na uso utafuata. Anayeona dakika tano ni nyingi mno apige majengo.

Nanyi mrudini yule mzee. Aende mmoja, bila kamera.

SWALI: Picha zangu zinang'aa kwenye kompyuta yangu, lakini kwa projekta ya klabu zinafifia rangi, na nikisafisha zinatoka nyeusi. Nani ananidanganya? — Rangi Zimepotea

JIBU: Skrini yako, kwa sehemu kubwa. Wengi huiacha kwenye mwangaza wa juu kabisa, kwa hiyo wanahariri picha iwe nyeusi kuliko wanavyodhani, na karatasi haina taa nyuma yake. Punguza mwangaza wa skrini mpaka ukurasa mweupe ufanane na karatasi nyeupe iliyo chini ya taa unayoitumia kusomea, ndipo uhariri. Kuhusu projekta, hifadhi nakala ya kikao katika nafasi ya rangi (mpango wa kuandika rangi) ya sRGB, inayoeleweka na vifaa vingi. Picha iliyohifadhiwa katika Adobe RGB, nafasi ya rangi iliyo pana zaidi, ikifunguliwa na programu isiyoielewa hutoka imepauka. Uliza pia projekta yenu ina pikseli ngapi. Kama ni 1920 kwa 1080, picha ya kusimama haitapata zaidi ya pikseli 1080 za urefu, iandae kwa kipimo hicho wewe mwenyewe badala ya kuiachia mashine.

Na karatasi usiikimbie kwa sababu ya nyeusi moja. Omba klabu itenge kikao cha picha zilizosafishwa tu, meza ndefu, taa nzuri, hakuna projekta. Watu huinama, huchukua picha, huigeuza kwenye mwanga, hurudi kwa ileile mara ya pili. Mazungumzo ya usiku huo hayafanani na ya usiku mwingine wowote.

SWALI: Nimejiunga juzi na kila mtu ananiambia ninunue lenzi ya milimita 50 yenye f/1.4, hii yangu ya f/1.8 eti ni ya kuanzia. Ninunue? — Mgeni

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Kutoka f/1.8 hadi f/1.4 ni chini ya hatua moja ya mwanga. Tofauti hiyo utaipata kwa kuongeza ISO kidogo tu. Klabu ina faida usiyoipata dukani: mtu aliyekaa kiti cha tatu anayo lenzi hiyo begini. Iazime kwake mwezi mmoja kama mfumo wa kamera zenu ni mmoja, piga nayo mada ya mwezi, weka picha zako za lenzi zote mbili mezani bila kusema ipi ni ipi, usikie. Na uirudishe kikao kinachofuata, imefutwa, na vifuniko vyake vyote viwili.